Msiba wa Kuazima

Ijumaa, 11 Julai 2025

Wito umefika. Kesi yangu dhidi ya Fabian itasikilizwa Alhamisi ijayo. Si kutajwa tena. Kusikilizwa. Karani wa mahakama aliniambia nije na shahidi, nije na karatasi za hospitali, na nije mwenyewe. Neno "mwenyewe" alilitamka akiitazama miguu yangu.

Nayaandika mambo kwa mpangilio, ili nikikamatwa familia ielewe.

Mwaka jana nilikuwa napita mbele ya karakana ya Fabian, fundi wa mageti hapa kwetu Chang'ombe, Dodoma. Geti jipya lilikuwa limeegemezwa ukutani bila kufungwa. Upepo ukavuma. Geti likaniangukia mguu wa kulia. Mifupa miwili ya wayo ikavunjika, nikafungwa plasta, na ilipotolewa wayo ukawa haukunjiki tena. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani langu ni la kukanyaga. Sasa nakanyaga kwa mguu wa kushoto na mishono inakwenda kama njia ya mbuzi. Wateja wamehamia kwa Hasani, kibaraza cha jirani.

Nikishinda, fidia inanunua mota, na cherehani linakwenda bila mguu. Nikishindwa, Lydia mke wangu amesema cherehani linauzwa nami nakwenda kuchunga ng'ombe wa kaka yake. Naogopa ng'ombe.

Kesi ni ya kweli. Geti ni la kweli. Tatizo ni hati ya madai. Niliiandika mwenyewe, nikanogewa. Niliandika kwamba siwezi kabisa kushona. Niliandika kwamba kila alfajiri naamka nikilia. Niliandika kwamba nimeacha kwaya, wakati kila Jumapili nipo safu ya pili, sauti ya besi. Alhamisi nitaishika Biblia na kuyarudia hayo yote mbele ya hakimu.

Sijala.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwendea Mazengo. Zamani alikuwa mlinzi wa lango la mahakama, kwa hiyo anajua sheria.

Aliniuliza kama kweli nimeandika "siwezi kabisa". Nikakubali. Akafyonza meno muda mrefu. Akasema mahakama ina milango miwili: wa mbele, ambao mdai anaingilia, na wa nyuma, ambao wengine wanatokea. Akanisimulia habari ya mtu wa Ihumwa aliyedai ameumwa na mbwa. Hakimu akaomba kuona kovu. Kovu halikuonekana. Watoto wa yule bwana walimwamkia baba yao kupitia wavu.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema niombe ahirisho, kisha tupate muda wa kurekebisha hati. Kwa uzoefu wake mahakama inasikiliza mambo mawili tu, ugonjwa na msiba. Ugonjwa unahitaji daktari, na daktari anahitaji sindano. Kwa hiyo umebaki msiba.

Nikamwambia siwezi kumzushia kifo ndugu yangu aliye hai. Mazengo akakubali kwamba ni hatari. Shemeji yake alifanya hivyo akiwa shuleni, akamtaja shangazi. Hakusema shangazi alipatwa na nini. Alitikisa kichwa tu.

Basi unatakiwa msiba wa kweli, kabla ya Alhamisi, na usiwe wa kwetu.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nilisikiliza matangazo kwa makini kuliko mahubiri. Ndoa tatu zimetangazwa. Ubatizo. Mnada wa mavuno. Hakuna aliyefariki.

Baada ya ibada nilimwuliza Evodia, mwenyekiti wetu wa kwaya, habari za mama mkwe wake aliyekuwa amelazwa. Ametoka, anakula vizuri. Nikauliza yule mzee wa presha. Naye yupo shambani. Evodia akaniuliza mbona kila mtu akipona mimi nasema "aah".

Fabian alikuwa mlangoni. Alinisalimia, akauliza wayo unaendeleaje. Sauti ya upole kabisa. Mtu aliyeshtakiwa hawezi kuwa mpole namna ile bila kuwa na mpango.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefanya mazoezi ya kuapa. Lydia alikuwa hakimu, ameshika mwiko. Akauliza kama ni kweli naamka nikilia. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba naamka nikikoroma.

Akaniambia niachane na yale niliyoongeza. Niseme tu: geti lilikuwa halijafungwa, likaangukia mguu, karatasi za hospitali hizi hapa. Na yaliyozidi nimwambie hakimu niliyazidisha kwa hasira. Atanikemea, kisha tutaendelea.

Lydia hajui sheria. Hajui habari za mlango wa nyuma.

Jumanne, 15 Julai

Leo jioni Hasani alifunga kibaraza mapema. Mjomba wake, mzee Swalehe wa Busi, kule Kondoa, amefariki asubuhi. Kesho anakwenda.

Nilimpa pole mara mbili. Ya pili ilitoka kwa furaha, ikabidi nikohoe.

Nikapiga hesabu. Mtu akifariki Jumanne, wanasubiriwa watoto walio mbali, jeneza linatengenezwa, mchungaji anatafutwa. Mazishi hayawezi kuwa kabla ya Alhamisi. Siku ya kesi nitakuwa makaburini, nina vumbi kwenye viatu, na kijiji kizima ni mashahidi. Nikamwambia Hasani nitamsindikiza.

Alinitazama kama nimemvunjia sindano. Akasema tangu tuwe majirani sijawahi kumsindikiza hata kununua vifungo, na juzi tu nilimwambia mteja kwamba suruali zake zinabana. Nikasema wakati wa msiba watu huweka kando mambo ya suruali. Akacheka, akasema, "Haya Mgogo, twende. Ukizidiwa na kilio nitakushika."

Mazengo ameahidi kwamba Alhamisi atakwenda kumwambia karani kuwa mdai amefiwa. Ameweka mkono kifuani.

Lydia akauliza nimefiwa na nani. Nikasema mjomba. Akauliza mjomba wa nani. Nikasema wa Hasani. Akaendelea kuchambua mlenda bila kusema neno. Ukimya wa Lydia unanitisha kuliko hakimu.

Jumatano, 16 Julai. Busi

Tumefika alasiri. Nilianza kulia mapema, tangu tuliposhuka kwenye gari, ili sauti iwe imekaa sawa tutakapofika nyumbani. Nikaingia uani na mkongojo wangu, nikapita watu walioketi mikekani, nikauliza mwili uko wapi nikauage.

Watu wakatazamana. Hasani akaninong'oneza kwamba mjomba amezikwa jana.

Ni Waislamu. Hawakai na maiti. Nimekaa na Waislamu Chang'ombe maisha yangu yote na hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini hesabu nilipiga kwa kalenda ya kanisani kwetu, jeneza na mchungaji. Machozi yalikuwa yameshaanza, nikaona si vizuri kuyakatisha. Nikaendelea.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mzee Swalehe, kumbe, ujana wake alikuwa dereva wa lori na aliishi Dodoma miaka mingi. Sasa ametokea mtu wa makamo kutoka Dodoma, hajulikani na yeyote, analia kuliko wafiwa. Bi Tabu, dada wa marehemu, alinizunguka mara mbili. Akasema, "Pua hii naijua." Mjane, Bi Mwanaidi, akajifunika ushungi uso mzima.

Kisha akaja Abdulwahab, mtoto mkubwa wa marehemu. Mabega yake yanajaza mlango. Akanikaribisha maji, akaniuliza nina umri gani. Nikamtajia. Akatulia, midomo ikitembea, anatoa na kujumlisha. Halafu akauliza kama napenda kulima karanga. Nikajibu kwa adabu kwamba napenda sana.

Hilo lilikuwa kosa. Shamba kubwa la marehemu ni la karanga.

Hasani akaniita pembeni, anacheka mpaka anajishika ukuta. Akasema watu wanadhani mimi ni mtoto wa nje niliyekuja kudai urithi. Nikamwomba awaeleze ukweli. Akasema ameshawaeleza kwamba mimi ni jirani tu, na Abdulwahab amemjibu kwamba hakuna jirani anayelia vile.

Nimepewa chumba cha ndani. Vijana wawili wa Abdulwahab wametandika mkeka mlangoni. Hasani anasema ni heshima. Mmoja ana panga la kupasulia kuni. Sijaona kuni.

Alhamisi, 17 Julai. Busi

Siku ya kesi.

Niliamka kabla ya wote nikaamua kurudi. Hata nikichelewa, nitaingia mahakamani mbio, nitakiri yote, nitoke kwa mlango wa nyuma kama ni lazima. Wavu ni bora kuliko panga. Nikapapasa mkongojo. Haupo. Abdulwahab alikuwa uani ameuegemea, anapiga mswaki. Akasema mgeni haondoki kabla ya hitima. Na baada ya hitima kuna kikao cha ukoo, nami nina neno la kusema pale.

Kumbe leo ni siku ya tatu tangu kuzika, siku ya kisomo. Pilau ililetwa. Nilikula sahani mbili, hofu hunipa njaa. Nikatazama jua likipanda na kufikiri: sasa hakimu anaingia, sasa karani anaita jina langu. Sikuwahi kumtamani hakimu maishani mwangu kama leo.

Kikao kilikaa uani. Wazee mikekani, mtendaji wa kijiji kwenye kiti na daftari la muhtasari, mimi katikati. Mzee msemaji wa ukoo akaniuliza kwa upole nimekuja kufanya nini. Nikasema kuzika. Akasema mzee hakunialika kwenye maisha yake, mbona nimejialika kwenye kifo chake.

Akauliza jina la mama yangu. Nikasema Emiliana. Mzee mmoja wa pembeni akafumba macho, akalitamka taratibu, "Emiliana," kama anayeonja chumvi. Mikeka yote ikageuka. Abdulwahab akasimama. Hapo hata mimi mwenyewe nikaingiwa na shaka.

Wakaamua apigiwe simu. Mama yuko Ihumwa, ana masikio mazito, kwa hiyo simu iliwekwa sauti ya juu na kila mtu akasikia. Msemaji akamwamkia vizuri, akampa habari za msiba, kisha akamwuliza kwa maneno ya kuzunguka kama ujanani aliwahi kufahamiana na dereva wa lori, Swalehe wa Busi.

Mama aliomba arudiwe swali. Halafu akafungua mdomo. Akasema lori hajapanda hata kwenda mnadani. Akasema Methusela ni mtoto wa marehemu Yona, waliyefunga naye ndoa kanisani mbele ya watu, na anayetaka kuhakikisha aje aone picha ukutani. Akauliza ni nani huyo mzee mzima anayempigia simu kumwuliza mambo ya ujana. Kisha akaniita.

"Na wewe Methusela, leo si siku ya kesi yako? Umeacha kesi mjini umekwenda Kondoa kutafuta baba?"

Uani palilipuka kwa kicheko. Bi Mwanaidi alicheka ndani ya ushungi, mabega yakimtikisika. Ila Abdulwahab hakucheka. Akasema mama yeyote angejibu vile. Yeye anataka kiapo.

Wakatuma mtu kwa Mwalimu Ernest wa shule ya msingi, Mkristo wa karibu. Biblia ikaletwa imefungwa kwenye kitambaa. Nikaishika mkono wa kulia. Nikaapa kwamba marehemu si baba yangu, si ndugu yangu, si rafiki yangu, sikupata kumwona, wala sitaki hata ganda la karanga zake. Msemaji akauliza basi kilio kile kilikuwa cha nini. Nikaapa ukweli: niliogopa kwenda mahakamani kuapa, nikatafuta msiba wa kujifichia.

Sikutetemeka. Sauti ilitoka kavu na iliyonyooka. Mzee msemaji akasema, "Kijana wangu, unaapa vizuri sana. Ungekwenda tu."

Abdulwahab akanirudishia mkongojo, akanikumbatia mpaka nikaogopa upya. Nimepewa furushi la karanga. Nilikataa kwa sababu ya kiapo. Wakasema hizi ni za mgeni, si za urithi.

Kabla jua halijazama nikamfuata mtendaji, nikamwomba barua fupi yenye muhuri, kwamba nilikuwa msibani, nimefiwa. Akauliza nimefiwa na nani. Akasema wino bado haujakauka kwenye muhtasari alioandika kwamba si ndugu, si rafiki wala sikupata kumwona. Akafunga daftari.

Ijumaa, 18 Julai

Nyumbani. Hasani amesimulia habari yote kibarazani tangu tuliposhuka. Wateja wake wanajishika mbavu. Mmoja aliniita "mrithi".

Kesi imefutwa.

Lydia alinieleza akiwa anapepeta uwele, hakuinua macho. Alikwenda mahakamani kama shahidi, kama wito ulivyosema. Jina langu liliitwa mara tatu. Hakimu, mama mmoja wa miwani, akauliza kama kuna ajuaye alipo mdai. Lydia akasimama. Akaambiwa aseme. Akasema mume wake amekwenda msibani kwa watu asiowajua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu nimefiwa. Akasema aliulizwa mahakamani, si sokoni.

Hakimu akaandika kwamba shauri limefutwa kwa mdai kutofika, mdaiwa akiwepo. Fabian alikuwepo, amevaa shati jeupe. Walipotoka nje akamwambia Lydia kwamba alikuja kukiri. Geti lilikuwa lake, hakulifunga, na hati ya madai hata hakuisoma mpaka mwisho kwa sababu ni ndefu mno.

Na Mazengo? Lydia alimkuta kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Alisema alishindwa kuvuka, moyo ulimwenda mbio alipoliona lango.

Kaka yake Lydia amepiga simu. Ameuliza kama nina viatu vya kuchungia.

Jumamosi, 19 Julai

Fabian amekuja. Nilimwona kutoka dirishani nikaingia uvunguni, lakini mkongojo ulibaki nje.

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akasema karakana ni yake na kaka yake Joel, na Joel amesema bila hukumu ya hakimu hatoi hata msumari. Kwa hiyo yeye Fabian anataka kesi irudi. Ameshamwuliza karani. Mdai akiandika maombi na kueleza ukweli wa kutofika kwake, na mdaiwa akisema hana pingamizi, hakimu ataangalia. Karani amesema twende Jumanne asubuhi. Hakimu atatuona wote wawili.

"Hata habari ya Busi mwambie ilivyo," akasema. "Atacheka. Wewe njoo tu, kaka. Hilo tu. Njoo."

Lydia alimletea uji wenye karanga za mgeni. Baada ya kuondoka aliniuliza nimesikia. Nikasema nimesikia. Akauliza nimesikia nini. Nikasema Jumanne. Kwa mara ya kwanza wiki hii alinitazama machoni. Akalifuta cherehani vumbi.

Jumapili, 20 Julai

Nimewaza wakati wote wa ibada. Mdaiwa anayetaka kesi irudi. Karani anayetoa ushauri. Hakimu atakayecheka. Wote wanasema neno moja: njoo.

Nimemuuliza Mazengo. Ameniuliza kama mtego una sauti nyingine zaidi ya hiyo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeandika maombi ya kurejesha kesi, ukurasa mmoja, yote kweli. Lydia ameyasoma, ameniambia ni maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nimeyaweka kwenye bahasha.

Jioni Evodia alipita na daftari la rambirambi. Shemeji yake amefariki Mpwapwa. Nilimpa pole, mara moja tu, kwa sauti nzito. Safari hii sikukurupuka kama wiki iliyopita. Niliuliza maswali kwanza. Marehemu ni Mwanglikana. Mwili unasubiri mtoto anayetoka Mwanza. Jeneza halijatengenezwa. Kwaya inaondoka kesho alfajiri, mazishi Jumatano, na kweli wanapungukiwa na besi. Pia nimehakikisha: marehemu hajawahi kuendesha lori.

Hii si kama ya Busi. Hii imepangwa.

Nimewasha pasi ya mkaa nikaanza kunyoosha suruali nyeusi. Lydia ameniona kutoka jikoni. Ameimba kidogo, kitu ambacho hajafanya tangu geti lianguke. Amekuja, amenishika bega, akasema nimefanya vizuri kunyoosha ile nyeusi, hakimu atapenda.

Nimenyoosha na mashati mawili.